Corvette na Thunderbird: Uhasama wa miaka ya hamsini unaopimwa kwa rula

Na MWANDISHI WETU

CHUKUA magari mawili ya mfano, moja Chevrolet Corvette ya mwaka wa 1953 na la pili Ford Thunderbird ya mwaka wa 1955, yote yakiwa yametengenezwa kwa kipimo cha 1/18, kisha uyaweke mezani ubavu kwa ubavu. Pima kwa rula kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ikiwa aliyeyatengeneza alikuwa mwaminifu, rula itasoma sentimita 14.4 kwa hili na sentimita 14.4 kwa lile.

Magari halisi yalikuwa vivyo hivyo. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 102, yaani takriban mita 2.59, na ni vigumu kuamini kwamba ilikuwa sadfa. Corvette ndiyo iliyotangulia. Wahandisi wa Ford walipoketi kubuni jibu lao, mpinzani waliyekusudia kumkabili alikuwa tayari amesimama mbele yao.

Sasa pima urefu wote, kutoka bampa hadi bampa. Corvette itakupa sentimita 23.6. Thunderbird itakupa sentimita 24.7. Tofauti ya sentimita moja na kitu juu ya meza ni sentimita 20 barabarani, na sehemu kubwa ya yaliyotokea kati ya kampuni hizo mbili katika muongo huo inaelezwa na tofauti hiyo: moja ilikusudia kuuza gari la kukimbia, nyingine ilikusudia kuuza gari la kustarehe lenye sura ya gari la kukimbia.

Wengi wetu hatutawahi kuketi ndani ya gari lolote kati ya hayo mawili. Corvette za mwaka wa 1953 zilikuwa 300 pekee duniani kote. Gari la mfano ndilo pekee ambalo msomaji wa kawaida anaweza kuligeuza mkononi, akalichungulia chini na kulifungua boneti. Kwa sababu hiyo makosa ya watengenezaji wa modeli si jambo dogo. Anayenunua modeli yenye kasoro hupoteza pesa zake, na zaidi ya hapo hujifunza historia ambayo haikutokea.

Kipimo kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote, ni sharti mtu aelewe kipimo. Modeli ya 1/18 ni gari lililopunguzwa mara 18 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Ya 1/43 imepunguzwa mara 43, na hutoshea kiganjani. Kipimo cha 1/43 kilizaliwa pamoja na treni za kuchezea za Uingereza, ambazo zilihitaji magari madogo ya kupamba stesheni zake. Kile cha 1/24 kinatokana na hesabu ya nusu inchi kwa kila futi moja. Cha 1/25 ni cha Kimarekani hasa, na ndicho kilichotumiwa na kampuni za plastiki zilizokuwa zikihudumia viwanda vya magari vya Detroit.

Hapo kwenye 1/24 na 1/25 ndipo mtego ulipo. Vipimo hivyo viwili vinakaribiana kiasi kwamba wauzaji wengi huviweka kwenye rafu moja, na mnunuzi haoni ubaya. Piga hesabu. Corvette ya 1953 kwa kipimo cha 1/24 ina urefu wa sentimita 17.7. Thunderbird ya 1955 kwa kipimo cha 1/25 ina sentimita 17.8. Ile tofauti ya sentimita 20 imetoweka! Mtu atayaweka magari hayo kabatini mwake na kuwaambia wageni kwamba yalilingana kwa urefu, na hakuna atakayemkosoa kwa kuwa macho yao yanamuunga mkono.

Jambo hili hutokea kwa urahisi kwa sababu kampuni zilizounda vifurushi vya kubandika kwa gundi hazikukubaliana. Monogram ilitoa Corvette ya 1953 kwa kipimo cha 1/24. AMT ilitoa Thunderbird ya 1957 kwa kipimo cha 1/25. Kila moja ni kazi nzuri peke yake. Ukiziweka pamoja, hata hivyo, unalinganisha maembe na mapapai.

Walionunuliwa wangali watoto

Kampuni hiyo ya AMT ina historia yake katika ushindani huu. Herufi hizo zilisimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya vichezeo vya mfano vya alumini, kwani ndiyo madini iliyotumia ilipoanza mwaka wa 1948, ikitengeneza gari dogo la Ford. Baadaye iliingia katika plastiki. Wateja wake wa kwanza hawakuwa watoto bali wauza magari. Mwenye duka la Ford au la Chevrolet aliagiza magari madogo yaliyopakwa rangi zile zile za kiwandani, akayapanga mezani ili mteja achague rangi bila ya kutoka nje kwenye theluji. Mteja alipokuja na mwanawe, mtoto aliondoka na gari moja mfukoni.

Ilikuwa biashara ya werevu mkubwa. Mtoto aliyelala na Thunderbird chini ya mto akiwa na miaka minane angekuwa na leseni ya kuendesha baada ya miaka minane mingine. Mnamo mwaka wa 1958, AMT ilianza kuuza madukani vifurushi ambavyo mtoto mwenyewe aliunganisha, kila kimoja kikiwa na vipande vya kutosha kuunda gari kwa namna tatu tofauti: kama lilivyotoka kiwandani, kama la mashindano, au kama la kijana mtundu aliyelibadilisha gereji.

Yale magari ya awali ya madukani yana ugonjwa wake. Plastiki iliyotumiwa miaka ya hamsini, aina ya asetati, hujikunja kadiri miaka inavyopita. Boneti huinama, buti hupanda, na gari lililokuwa limenyooka hufanana na ndizi. Anayeuziwa gari la aina hiyo likiwa limenyooka kabisa ana haki ya kuuliza maswali: huenda ana bahati ya ajabu, au ananunua nakala iliyotolewa miongo kadhaa baadaye kwa plastiki iliyo bora.

General Motors, mmiliki wa Chevrolet, ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka wa 1930 hadi 1968 ilidhamini mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, ambamo wavulana wa Kimarekani walichonga vielelezo kwa mbao na plasta wakiwania pesa za masomo. Mwanzoni walichonga magari ya kukokotwa na farasi, baadaye wakabuni magari ya kisasa wenyewe. Mshindi mmoja wa mwaka wa 1947, Charles Jordan, aliishia kuwa mkuu wa ubunifu wa kampuni nzima. Si ajabu basi kwamba mtu anapotazama Corvette ndogo hahisi kuwa ni nakala. Gari lenyewe lilianza maisha yake likiwa kielelezo: Harley Earl, aliyeongoza ubunifu wa General Motors, ndiye aliyezoesha Detroit kufinyanga magari kwa udongo kabla ya kuyaunda kwa chuma, na Corvette ilionyeshwa kwa wakubwa wa kampuni mnamo 1952 ikiwa umbo la plasta.

Jinsi ya kuikagua Corvette

Umma wa Marekani uliiona Corvette kwa mara ya kwanza Januari 1953, katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York. Jina lilitokana na aina ya meli ndogo ya kivita yenye mbio. Mwezi Juni mwaka huo huo, gari la kwanza likatoka kiwandani Flint, jimbo la Michigan.

Magari yote 300 ya mwaka huo yalikuwa meupe, ndani mekundu, na paa jeusi la turubai. Yote, bila ya kubakisha moja. Hiki ndicho kigezo rahisi kuliko vyote, na inashangaza jinsi kinavyopuuzwa. Modeli ya rangi ya buluu au nyeusi iliyoandikwa "1953" chini yake ni uongo mtupu. Rangi nyingine zilikuja mwaka wa 1954.

Kagua milango. Corvette halisi ya 1953 haikuwa na kishikio upande wa nje, wala vioo vya kupandisha na kushusha. Mwenye gari aliingiza mkono ndani ili afungue, na mvua iliponyesha alipachika vipande vya plastiki angavu pembeni. Mtengenezaji aliyebandika vishikio vya kromu kwenye milango alikuwa akitazama picha za gari la mwaka wa 1956 au baada yake.

Fungua boneti. Ndani hapana injini ya V8. Pana injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, lita 3.9, yenye kabureta tatu na nguvu za farasi 150, ikiunganishwa na gia otomatiki za hatua mbili tu. Gari la sura ya mwanariadha lilikuwa na moyo wa mzee wa familia, na hilo ndilo lililowaudhi waliotarajia mpinzani wa Jaguar ya Uingereza. Injini ya V8 ilifika mwaka wa 1955, na kiwanda kikaitangaza kwa ujanja: katika neno "Chevrolet" lililo ubavuni, herufi V ilifanywa kubwa na kupakwa rangi ya dhahabu. Modeli nzuri ya 1955 huonyesha herufi hiyo. Modeli ya haraka-haraka huisahau.

Hesabu meno. Mdomo wa mbele wa Corvette una vipande vya kromu vilivyosimama kama meno, na ni 13 hadi mwaka wa 1957. Kuanzia 1958, taa za mbele zilipoongezwa zikawa nne badala ya mbili, meno yakapungua hadi tisa. Kwenye modeli ndogo ya 1/64 usiwe mkali, maana meno 13 hayawezi kutoshea hapo bila ya kugeuka uji. Kwenye ile ya 1/18 huna sababu ya kusamehe. Na taa za gari la 1953 zilikuwa na wavu mwembamba wa chuma mbele yake, ambao mtengenezaji mvivu huuchora tu kwa rangi juu ya plastiki.

Jinsi ya kuikagua Thunderbird

Ford ilionyesha Thunderbird mjini Detroit mnamo Februari 1954, na mauzo yakaanza Oktoba. Jina ni la ndege wa radi katika masimulizi ya wenyeji asilia wa Marekani. Aliyeongoza ubunifu wake, Frank Hershey, alikuwa amewahi kuwatumikia wapinzani: akiwa General Motors alihusika na Cadillac ya 1948, gari lililoleta mapezi ya nyuma ambayo muongo mzima uliofuata uliyaiga.

Injini yake ilikuwa V8 ya lita 4.8 tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na vioo vya kupandisha. Bei yake ilikuwa dola 2,944, ilhali Corvette ya kwanza iliuzwa dola 3,498. Matokeo yake yanaeleweka hata bila ya kufafanuliwa: mwaka wa 1955 Ford iliuza Thunderbird 16,155, na Chevrolet ikaunda Corvette 700.

Kila mwaka kati ya mitatu ya Thunderbird ya viti viwili una alama zake, na hapa ndipo modeli zinapochanganywa zaidi. Ya 1955 ina nyuma tupu na paa gumu lisilo na dirisha la pembeni. Ya 1956 ina gurudumu la akiba lililoning'inizwa nje, nyuma ya buti, kwa kuwa wateja walilalamika hawana pa kuweka mizigo. Ina pia vijilango vya kupitishia hewa mbele ya milango, kwa kuwa walilalamika vilevile kwamba ndani mna joto la tanuri. Ni mwaka huo ambapo dirisha la duara, kama la meli, lilianza kupatikana pembeni mwa paa. Kwa hivyo, modeli ya "1955" yenye dirisha la duara imevaa kofia ya ndugu yake mdogo.

Ya 1957 ilirudisha gurudumu ndani, ikarefushwa nyuma na kuchongewa mapezi. Kwa kipimo cha 1/18 inatakiwa kuwa na sentimita 25.6, karibu sentimita moja zaidi ya ile ya 1955. Rimu zake pia zilipunguzwa kutoka inchi 15 hadi 14. Kampuni inayotumia kalibu moja ya magurudumu kwa modeli zake zote itanaswa hapo, ingawa nakiri kwamba inahitaji jicho la fundi wa saa kuligundua kosa hilo.

Sura ya mwaka wa 1956 ndiyo inayopendwa na wengi wanaokusanya modeli, kwa sehemu kutokana na filamu ya American Graffiti ya mwaka wa 1973, ambamo Thunderbird nyeupe ya mwaka huo hupita usiku ikiendeshwa na mwanamke mrembo asiyepatikana tena. Mimi siioni kuwa nzuri kuliko zote. Lile gurudumu la nyuma lililivuruga gari halisi, likaongeza uzito mahali pasipofaa, na kwenye modeli linafanya vivyo hivyo kwa macho.

Tofauti inayofutwa

Kuna tofauti moja kati ya magari haya ambayo modeli haiwezi kuionyesha, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwili wa Corvette haukuwa wa chuma. Uliundwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu wa plastiki, kitu ambacho hakuna kampuni kubwa ya magari iliyokuwa imekijaribu kwa namna hiyo. Sababu mojawapo ilikuwa gharama: mashine za kukandamiza chuma ni ghali, na kwa gari lisilojulikana kama litauzika, haikuwa busara kuzinunua. Thunderbird ilikuwa ya chuma kama Ford nyingine zote. Kichekesho ni kwamba paa gumu la Thunderbird, lile la kutoa na kurudisha, ndilo lililokuwa la nyuzi za kioo.

Juu ya rafu yote haya hutoweka. Ukinunua modeli ya chuma, magari yote mawili ni ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Ukinunua ya plastiki, yote ni plastiki. Corvette nzito ya zinki inayokaa mkononi kama jiwe ni kinyume cha wazo lililoizaa. Wa kujipa moyo atasema kwamba Corvette ya plastiki inaukaribia ukweli, na hakosei sana.

Zinki ina hila zake. Rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita haionekani kuwa nene, lakini ikuze mara 18 na utapata karibu milimita mbili za rangi. Ndiyo maana pembe kali za gari halisi huonekana zimelainika kwenye modeli nyingi, na maandishi ya ubavuni huzama. Mlango wenye unene wa milimita moja na nusu ni sawa na mlango halisi wenye ukuta wa sentimita 2.7, ilhali chuma cha Thunderbird kilikuwa takriban milimita moja. Kwa hiyo mlango wa modeli ukifunguliwa huonekana kama wa kasha la benki. Kioo cha mbele ni taabu zaidi. Magari yote mawili yalikuwa na kioo kilichopinda hadi pembeni, kilichozungukwa na fremu nyembamba ya kromu. Kuikuza fremu hiyo kidogo tu huharibu uso mzima.

Katika kipimo cha 1/18, modeli zilizoenea kwa miaka mingi kwa bei nafuu ni Corvette ya 1957 iliyoundwa na Bburago ya Italia na Thunderbird ya 1955 iliyoundwa na Yat Ming. Nyingi bado zinapatikana zikiwa zimetumika. Msomaji ameshagundua tatizo: miaka haiwiani. Hiyo Corvette ya 1957 ina vishikio vya milango, vioo vya kupandisha, mbavu zilizobonyezwa na, kwa aliyeilipia, injini ya V8 ya lita 4.6 yenye kupuliziwa mafuta na nguvu za farasi 283. Kuiweka kando ya Thunderbird ya 1955 ni kumpambanisha kijana aliyefuzu mazoezi na mwenzake aliyeanza juzi. Bburago yenyewe ilifilisika mwaka wa 2005, na jina lake likanunuliwa na kampuni ya Hong Kong inayomiliki Maisto. Kwa kipimo cha 1/24, Franklin Mint ilitoa Corvette ya 1953 na Thunderbird ya 1956 zenye vipande vingi vidogo ajabu, na kwa kuwa kipimo ni kimoja, jozi hiyo huweza kulinganishwa kwa haki.

Anayenunua modeli ya zinki iliyokwisha kutumika aichunguze chini, mahali pasipopakwa rangi. Nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, au rangi iliyoinuka kama malengelenge, ni dalili kwamba zinki ilichanganyika na risasi kiwandani. Ugonjwa huo hauna tiba. Gari litavunjika lenyewe likiwa kabatini, hata kama halikuguswa.

Aliyeshinda na aliyebaki

Mnamo mwaka wa 1954 Chevrolet iliunda Corvette 3,640 na ikashindwa kuziuza zote. Kulikuwa na watu ndani ya General Motors waliotaka gari hilo lizikwe. Wanahistoria wengi wa magari wanaamini kwamba ni Thunderbird iliyoliokoa: haingewezekana kuondoka uwanjani wakati Ford ndiyo kwanza inaingia. Mhandisi Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels aliyeajiriwa na kampuni hiyo mwaka wa 1953, ndiye aliyeligeuza kuwa gari la mbio la kweli. Mapema mwaka wa 1956 aliliendesha huko Daytona kwa kasi ya zaidi ya kilomita 240 kwa saa.

Hata hivyo, kwa mauzo, Thunderbird ilishinda kila mwaka. Katika miaka mitatu ya viti viwili Ford iliuza 53,166. Mtu angetarajia kwamba gari la namna hiyo lingeachwa liendelee. Halikuachwa, na aliyelikomesha anafahamika hapa kwetu kuliko msomaji anavyodhani.

Robert McNamara alikuwa msimamizi wa kitengo cha Ford tangu mwaka wa 1955. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu zilimwonyesha kwamba gari lisiloweza kubeba watoto haliwezi kununuliwa na wenye watoto. Aliunga mkono Thunderbird ya viti vinne, iliyotoka mwaka wa 1958. Baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kisha Rais wa Benki ya Dunia. Ni akiwa na wadhifa huo wa mwisho ambapo alisimama jijini Nairobi mnamo Septemba 1973, katika jumba la KICC lililokuwa jipya, akatoa hotuba yake maarufu kuhusu umaskini wa mashambani. Wengi waliomsikiliza siku hiyo pengine hawakujua kwamba mzungumzaji ndiye aliyeiondoa Thunderbird ya viti viwili barabarani.

Kibiashara hakukosea. Thunderbird ya viti vinne iliuza 37,892 katika mwaka wake wa kwanza, na kufikia 1960 idadi ilipita 90,000 kwa mwaka. Corvette mwaka huo wa 1958 ziliundwa 9,168. Lakini Corvette imeendelea kuundwa, ikiwa bado ya viti viwili, hadi leo. Thunderbird ilibadilika-badilika, ikasimamishwa, ikarudi na viti viwili kati ya 2002 na 2005, kisha ikakoma.

Mwenye kutaka jozi moja tu ya kununua, ushauri wangu ni Corvette ya 1953 na Thunderbird ya 1955, kipimo kimoja, hata kama zitatoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Thunderbird lilikuwa gari bora. Corvette ndiyo modeli bora, kwa sababu rangi nyeupe haifichi kitu: kila mwanya usio sawa kati ya mlango na ubavu huonekana kama mstari wa penseli, na fundi asiyejua kazi hana pa kujificha. Usishangae kuona usukani uko kushoto katika magari yote mawili. Ndivyo yalivyokuwa.

Mwenye nafasi kabatini anaweza kuongeza jozi ya mwaka wa 1958, kisha achukue tena ile rula. Corvette bado itasoma sentimita 14.4 kati ya magurudumu, na urefu wa sentimita 25. Thunderbird itasoma sentimita 15.9, na urefu wa sentimita 29. Kama kabati lako lilijengwa kwa ajili ya magari ya viti viwili, mlango hautafunga.